Wanafunzi 84 na kikundi cha wazazi: tuanzie wapi kwenda planetariamu?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la 6, mikondo miwili, jumla wanafunzi 84. Mkuu wa shule amekubali tuwapeleke planetariamu muhula ujao. Kikundi chetu cha mtaa, wazazi na wazee wapatao 30, kiliposikia nacho kikataka kwenda. Sijawahi kupanga ziara ya namna hii. Niwachanganye wote siku moja? Nikipiga simu niulize nini? Na nifanyeje ili watoto wasirudi na kumbukumbu ya basi tu?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na la kuchanganya kwa sababu ndilo litakaloamua mengine: usiwachanganye. Ukumbi mkubwa unaweza kuwachukua wote bila shida, lakini mwongozaji atalazimika kuchagua anazungumza na nani, na mara nyingi atawachagua watoto kwa kuwa ndio wanaopiga kelele. Wazee watasikiliza somo la darasa la 6 mwanzo hadi mwisho, na kwa adabu zao hawatalalamika. Watoto nao, mama zao wakiwa safu ya nyuma, hawaulizi yale wanayouliza wakiwa peke yao na wenzao. Panga ziara mbili: ya shule asubuhi ya siku ya masomo, ya kikundi jioni au mwisho wa wiki. Wazazi wachache utakaowahitaji kusimamia watoto waende na shule, na wakipenda warudi tena na kikundi chao. Wataona mambo tofauti, mradi uwe umeomba mambo tofauti.

Kabla hujashika simu, hakikisha wewe na mkuu wako mnazungumzia kitu kimoja. Wengi huchanganya planetariamu na kituo cha darubini. Planetariamu ni ukumbi wenye dari la kuba, na juu ya kuba hilo projekta hutupa nyota, sayari, Mwezi na Jua. Mvua ikinyesha, mawingu yakitanda, saa nne asubuhi, kipindi kiko palepale. Baadhi ya vituo vina darubini uani, ila hiyo ni shughuli nyingine na huombwa kivyake. Mtoto aliyeahidiwa kwamba atachungulia darubini atakaa gizani akiisubiri mpaka taa ziwashwe. Waambie tangu mwanzo kwamba wanakwenda kuona mfano wa anga, na kwamba mfano huu unaweza yale ambayo anga lenyewe haliwezi.

Hapo ndipo penye thamani ya safari. Chini ya kuba, usiku mzima hupita kwa dakika moja. Mwezi unapitia sura zake zote huku watoto wamekaa. Mwongozaji akitaka anawasafirisha kutoka ikweta, ambako nyota huchomoza zikipanda wima, mpaka ncha ya dunia, ambako zinazunguka sambamba na upeo bila kuchwa. Jua linaloonekana kuchomoza mahali pamoja kila siku, kumbe huchomoza mashariki kamili mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na 22 Septemba, kisha linahama kaskazini na kusini. Mtoto angehitaji mwaka mzima wa kuamka alfajiri ili alione hilo. Picha za galaksi atazipata popote, hata kwenye simu ya mama yake. Mwendo huu hataupata kwingine.

Kwa hiyo chagua swali moja ambalo mwendo huo unalijibu, na ziara yote iegemee hapo. Kwa darasa la 6 mimi ningechagua mojawapo kati ya haya mawili: kwa nini Mwezi hubadilika sura, au kwa nini kuna majira. Yote mawili yako kwenye mitaala ya nchi nyingi, na katika yote mawili watoto huja na jibu lao tayari, ambalo kwa kawaida si sahihi. Watakuambia Mwezi hukatwa na kivuli cha Dunia. Watakuambia joto huja Dunia inapolisogelea Jua, ilhali Dunia iko karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, wakati nusu ya kaskazini ya dunia iko katikati ya baridi. Usiwasahihishe mapema. Andika majibu yao ubaoni kama walivyoyasema, na umpelekee mwongozaji nakala. Mwongozaji mzuri akipata karatasi hiyo hufurahi kuliko akipewa chai.

Sasa simu. Swali la kwanza kabisa: je, kipindi kinaongozwa na mtu moja kwa moja, au ni filamu iliyorekodiwa? Vituo vingi vina vyote viwili, na ukisema tu kwamba unataka kuleta shule unaweza kupangiwa filamu kwa sababu ndiyo rahisi kwao. Filamu za kuba zina muziki mzito na watoto hushika pumzi, sikatai. Lakini filamu haijui kwamba Amina ameuliza kitu. Omba kipindi cha moja kwa moja, au nusu kwa nusu: filamu fupi, kisha dakika 20 au 25 za anga lenyewe na maswali. Wakikuambia hawana mwongozaji siku hiyo, badilisha siku.

La pili, uliza mtambo wao ni wa aina gani. Ipo projekta ya kizamani, duara kubwa lenye lenzi nyingi linalosimama katikati ya ukumbi. Ya kwanza ya namna hiyo ilibuniwa na Walther Bauersfeld wa kiwanda cha Zeiss, Ujerumani, na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923. Nyota zake ni vitone vikali sana, karibu na unavyoziona mbali na taa za mji. Ipo pia ya kidijitali, ambayo nyota zake huwa hafifu au nene kidogo, lakini inaweza kuruka nje ya Dunia na kuitazama ikizunguka Jua. Kwa swali la majira utaitaka ya kidijitali, maana majira huletwa na kuinama kwa mhimili wa Dunia, na mwinamo huo unahitaji kuutazama ukiwa nje ya Dunia. Kwa swali la Mwezi na mwendo wa nyota, ya kizamani inatosha kabisa na pengine inapendeza zaidi. Kumbi nyingine zina zote mbili.

Kisha yale ya kawaida: ukumbi una viti vingapi, kipindi ni dakika ngapi (vingi ni kati ya 30 na 60), wanataka mtu mzima mmoja kwa watoto wangapi, wasimamizi wanalipa au wanaingia bure, kuna malipo ya awali, idadi kamili inatakiwa lini, na mkiahirisha pesa inarudi au inahamia tarehe nyingine. Uliza kama kuna kima cha chini cha kundi. Vituo vingine hutoza kwa kichwa, vingine hutoza ukumbi mzima hata mkiwa wachache, na kwa kikundi chako cha watu 30 tofauti hiyo si ndogo. Ikiwa wanatoza ukumbi, tafuta kikundi kingine cha watu wazima mchangie. Uliza pia mahali pa basi kushusha, mahali pa kula, na vyoo viko umbali gani kutoka mlangoni. La vyoo ni zito kuliko linavyoonekana, nitalirudia.

Baada ya simu, andika. Makubaliano ya mdomo hupotea mpokeaji anapokwenda likizo. Ujumbe wako uwe mfupi na uwe na kitu cha kushika, kwa mfano hivi: "Tunaomba kipindi cha moja kwa moja kwa wanafunzi 84 wa darasa la 6, umri miaka 11 hadi 13, pamoja na wasimamizi 8. Tunasoma sura za Mwezi. Wanafunzi watakuwa wameuchora Mwezi kwa wiki mbili na wengi wanaamini kivuli cha Dunia ndicho kinachoukata. Tungependa mwongozaji aanze na anga la hapa kwetu jioni ya siku hiyohiyo, kisha aupeleke Mwezi siku baada ya siku huku watoto wakibashiri. Mwanafunzi mmoja anatumia kiti cha magurudumu, na mmoja ana kifafa." Ukituma huo, tayari umewapita wengi wanaoandika tu kwamba wanaleta shule, tafadhali wapokeeni.

Neno "wakibashiri" nililiweka makusudi. Muombe mwongozaji asimamishe anga kabla ya kila hatua na awaulize watoto: kesho saa hii Mwezi utakuwa wapi? Wanyooshe vidole. Gizani hakuna anayemcheka mwenzake aliyekosea, na mikono 84 ikielekea pande tatu tofauti, ukumbi mzima unataka kujua nani yuko sahihi. Anapouruhusu Mwezi usogee, utasikia sauti.

Maandalizi ya shuleni yaanze wiki mbili kabla, na yaanze siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama. Kila jioni Jua linapozama, saa ileile, mahali palepale, kila mtoto achore Mwezi: sura yake, uko juu kiasi gani, uko karibu na nyumba au mti gani. Ataona kwamba kila siku umesogea mashariki, na unachelewa kuchwa kwa kama dakika 50. Kukiwa na mawingu aandike mawingu. Halafu darasani, funga madirisha, washa taa moja, kila mtoto ashike mpira mdogo kwa mkono ulionyooka na azunguke polepole akiutazama. Nusu ya mpira inawaka muda wote. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo anayoiona. Wengine wataelewa hapohapo, wengine bado. Wale wa bado ndio watakaofaidi zaidi planetariamu, usiwe na wasiwasi nao. Shule yenye kompyuta inaweza pia kutumia Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga la mahali popote kwa tarehe yoyote. Ila usiwaonyeshe kila kitu ukawamalizia utamu.

Siku yenyewe, fikeni nusu saa kabla. Tofauti na maonyesho mengine, hapa mlango ukifungwa umefungwa, maana mwanga wa mlango mmoja unaharibu anga la wote, na kuwapitisha watoto kwenye ngazi gizani ni kuomba ajali. Basi likichelewa dakika 15 mnaweza kupoteza kipindi, kwa kuwa kuna kundi jingine nyuma yenu. Nusu saa hiyo ni ya vyoo. Watoto 84 na vyoo vinne, piga hesabu mwenyewe.

Kisha kagua mwanga. Simu zizimwe, si kuwekwa kimya tu, na za walimu ziwe za kwanza. Saa za mkononi zenye kioo kinachowaka zivuliwe. Halafu tazama viatu: kuna vile vya watoto ambavyo soli zake huwaka nyekundu na bluu kila mguu ukigusa chini. Mtoto mmoja mwenye viatu hivyo, akitikisa mguu kwa furaha, anaangaza safu tatu. Avivue aviweke chini ya kiti. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kabisa, na kioo cha simu kikiwaka kwa sekunde chache tu, walio jirani wanaanza upya.

Wakati wa kukaa, watoto watakimbilia mbele kama wanavyofanya sinema. Katika ukumbi ambao viti vyote vinatazama upande mmoja, mbele ndipo pabaya, shingo inaumia na nusu ya anga iko kisogoni. Katikati na nyuma ndiko kuzuri. Walimu wasikae pamoja safu ya mwisho wakipiga soga. Kila mmoja akae ndani ya kundi lake, ukingoni mwa safu. Anayepata kizunguzungu kwenye gari huenda akakipata humu pia, hasa picha zinaporuka kasi. Mkalishe karibu na mlango na umwambie siri ya kazi: ukihisi vibaya, funga macho au tazama kiti kilicho mbele yako, kuba litaacha kuzunguka. Anayeogopa giza aambiwe mapema kwamba giza huingia polepole kama machweo. Vituo vingi vikiombwa hubakiza mwanga hafifu dakika za mwanzo.

Mahitaji maalumu yasisubiri siku ya safari. Kwa mwenye kifafa, uliza kama kipindi kina mwanga wa kumetameta, na ukiwa na shaka omba mwanga huo uondolewe. Katika kipindi cha moja kwa moja ni rahisi. Kwa viziwi, mkalimani wa lugha ya alama anahitaji kuangazwa kwa taa ndogo na kupata maelezo ya kipindi kabla, na mwongozaji anyamaze kidogo baada ya kila onyesho, kwa sababu mtu hawezi kutazama mkalimani na nyota kwa wakati mmoja. Kwa wenye usonji, sauti ishushwe na taa zisizimwe kabisa. Vituo kadhaa vina vipindi tulivu vya namna hiyo. Kwa asiyeona, uliza kama wana mifano ya kugusa. Hata kama hawana, mpira wa darasani una kazi hapa: upakae nusu kitu cha kukwaruza, na azungushe mwenyewe.

Kosa moja ninaloliona sana: karatasi za maswali za kujaza wakati wa kipindi. Ni giza, mwalimu. Mtoto anayewinda jibu la namba 4 hatazami juu. Karatasi ibaki kwenye basi. Mkirudi, wape michoro yao ya zamani ya Mwezi na uwaombe wachore wiki mbili zijazo kabla hazijafika, kisha waitazame mbingu kuhakiki. Hapo utajua nani ameelewa, na hutahitaji mtihani.

Kwa kikundi cha mtaa, tofauti kubwa ni kwamba watu wazima hawaji kwa ajili ya mtaala. Wanataka kuijua ile nyota angavu wanayoiona jioni (mara nyingi ni sayari, Zuhura au Mshtarii), wanataka kuliona kundi la nyota la Kilimia na kujua iko wapi miezi inapopotea, wanataka kuelewa kwa nini mwezi mwandamo huonekana mahali fulani na usionekane pengine jioni hiyohiyo. Kusanya maswali yao kwenye mkutano mmoja, yapeleke kituoni, na omba angalau theluthi ya muda iwe ya maswali. Wapo wazee waliosoma anga kwa miaka mingi kwa ajili ya kilimo au uvuvi. Mwongozaji ajulishwe, awape nafasi waseme wanavyoita nyota na wanavyozitumia. Uliza kuhusu ngazi, mikono ya kushikilia, na kama viti vinalala nyuma, kwa maana shingo ya miaka 70 haipendi kutazama juu saa nzima.

Na kama kituo kina darubini, panga tarehe ya kikundi kwa Mwezi. Ulio karibu na robo ya kwanza, yaani nusu ya uso wake ikiwa inang'aa, ndio bora: Jua likizama tayari uko juu, unachwa karibu na usiku wa manane, na kwenye mpaka wa mwanga na giza mashimo yake yanaonekana kwa vivuli vyake. Mwezi mpevu ni mzuri kwa macho, lakini kwenye darubini vivuli vyote vimepotea na mwanga wake unafunika nyota dhaifu.

Kama nauli ya basi itawashinda, kuna njia nyingine: kuba la kubebeka, la kitambaa linalopuliziwa hewa, likaja shuleni. La kipenyo cha mita 5 hivi huhitaji ukumbi wenye sakafu safi ya mita 7 kwa 7 na dari la mita 3 na nusu au zaidi, bila feni zinazoning'inia, pamoja na umeme usiokatika ovyo. Linachukua watoto kama 25 wakiwa wamekaa chini bila viatu, kwa hiyo 84 wako ni vipindi vinne vya watoto 21, asubuhi nzima. Feni yake ya kupuliza hewa ndiyo inayolishikilia. Umeme ukikatika, kitambaa hushuka taratibu, watu wana muda wa kutoka, ila wasimamizi waonyeshwe njia kabla ya kipindi cha kwanza. Chini ya bati mchana ndani huwa moto, anzeni mapema. Kwa kiti cha magurudumu uliza kama lina mlango mpana, maana mengine huingiwa kwa kupiga magoti. Kwa wazee wako silipendekezi, isipokuwa mwenye kuba akubali viti vichache pembeni.

Upande wa tarehe: epuka wiki ya mwisho ya muhula, shule zote huikimbilia hiyo. Tarehe 4 hadi 10 Oktoba ni Wiki ya Anga za Juu Duniani na vituo hujaa. Siku zinazokaribia kupatwa kwa jua au mwezi ni hivyohivyo. Peleka tarehe tatu kwa mpangilio wa upendavyo, uombe ankara yenye jina la shule ili mhasibu asikukwamishe, na ya kikundi iandikwe peke yake, pesa zao zisipite kwenye akaunti ya shule. Fomu za ridhaa za wazazi zigawe mara tu tarehe ikithibitishwa kwa maandishi, si kabla.